Kabla hujapanga kalenda ya kanisa, uliza mwezi uko wapi

Mdogo wangu uliyemaliza chuo cha Biblia na kupangiwa kanisa la mwaloni, pale wavuvi wanapopandisha mitumbwi na kushusha samaki, karibu ziwani. Chuoni tulifundishwa kupanga mwaka kwa Krismasi, Pasaka na sikukuu ya mavuno. Huku mwaka unapangwa na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikishakuwa kali taa hazivuti kitu, mitumbwi inapandishwa mchangani, vijana wanashona nyavu na kulala. Giza likiisha ndipo tajiri mwenye mtumbwi anapopiga hesabu na vijana wake na kuwalipa.

Mimi sikulijua hilo. Mwaka wangu wa kwanza katika kisiwa kimoja cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, niliitisha harambee ya mabati. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani, nami nikaona mkono wa Bwana. Kumbe walikuwepo kwa kuwa hawakwenda ziwani, na zilikuwa siku za mwisho za mbalamwezi: hela za hesabu zilikwisha zamani kwenye unga, ada na madeni ya dukani. Tulipata bati za kuhesabika kwa vidole. Nikapanda madhabahuni nikawasomea Malaki sura ya 3 kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Baada ya ibada mama mmoja mtu mzima, mwanika dagaa, akaniita pembeni: "Baba mchungaji, umetugomba bure. Umekuja kuomba sufuria likiwa limeshaoshwa."

Tangu siku hiyo najua: giza likiwepo, Jumapili wanaume wamelala na akina mama wako kwenye chanja za kuanikia dagaa, kwa hiyo ibada iwe fupi na usihesabu vichwa kwa hasira. Jumapili ya kwanza baada ya hesabu ndiyo ya kuongelea ujenzi. Masika nayo usiyategemee sana, maana dagaa wakinyeshewa chanjani hawakauki, wanaharibika, na aliyepoteza mzigo wake wote hahitaji kukumbushwa zaka.

Utaletewa sadaka ya debe la dagaa. Ipokee kwa heshima ileile ya noti, iuzwe siku hiyohiyo mbele ya wazee, bei iandikwe. Hapa kwenye fedha nitakaa kidogo, kwa sababu watumishi wengi ninaowafahamu hawakuangushwa na mafundisho potofu. Waliangushwa na bahasha. Benki ilikuwa mbali na kisiwa chetu, basi sadaka nilikuwa naiweka ndani kwangu, kwenye sanduku la nguo. Usiku mmoja mtoto akapandisha homa, nikachukua 40,000 kumpeleka hospitali. Nilizirudisha zote baada ya siku 9. Lakini mhazini alikuwa ameshafungua sanduku katikati ya hapo, na mwalo mzima ukajua kabla sijashuka kwenye mtumbwi. Sikuiba, na bado ilinichukua zaidi ya mwaka mzima watu kuacha kunyamaza nikipita. Wahesabu wawili au watatu, wasaini palepale, wewe usiguse. Na sadaka za simu zisiingie kwenye laini yako hata kama mtu anakuambia "nitumie namba, nitoe shukrani yangu." Kanisa liwe na laini yake.

Kuna jaribu lingine linakuja likiwa limevaa suti. Tajiri wa mwaloni atakununulia spika, au atamalizia paa. Kisha siku utakayohubiri kuhusu kokoro, wavu wa kukokota ambao ni haramu kisheria na unazoa mpaka vifaranga vya sato, atakuja jioni kukuuliza ulikuwa unamsema nani. Mimi nilirudia mahubiri yaleyale bila kutaja jina, nikaenda kwake siku iliyofuata kunywa chai. Akahamia kanisa jingine na spika zake. Tulihubiri kwa mdomo miezi 7. Sikuambii ufanye hivyo, nakuambia bei yake.

Mambo madogo niyapitie haraka. Ubatizo wa ziwani fanya asubuhi na mapema, mbali na magugu na konokono, maana kichocho hakimwogopi aliyeokoka. Adhuhuri ndiyo saa mbaya zaidi. Mwanamke mwenye tatizo la ndoa msikilizeni chini ya mwembe, mahali mama mchungaji anapowaona hata kama hawasikii. Msiba wa waliozama usiuhubirie saa nzima.

Hili la mwisho linatoka kisiwa cha Ukara, jirani na Ukerewe. Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia gati la Bwisya, kimejaa watu waliotoka gulioni Bugolora. Walikufa zaidi ya 220. Watumishi tuliovuka kwenda kusaidia tulizika, tukaombea, tukashika mikono ya watu ambao hawakuwa na sauti tena ya kulia. Tukarudi nyumbani na Jumapili ikafika, kama inavyofika siku zote, nikasimama kuhubiri.

Nilianza kukosa usingizi mwezi wa pili baada ya msiba ule. Nilikuwa mkali kwa watoto, na mke wangu akaanza kunijibu kwa "ndiyo mchungaji" badala ya jina la mtoto wetu wa kwanza. Washirika waliendelea kugonga hodi usiku na shida zao, na hakuna aliyeuliza zangu, wala sikumpa nafasi. Nilidhani mchungaji akisema amechoka, imani ya watu inapungua.

Mke wangu ndiye aliyenikatia tiketi ya meli ya Nansio kwenda Mwanza mjini, kwa mchungaji mmoja mstaafu anayeishi Kirumba. Nilijiandaa kwa maombi ya kufunga na maswali magumu. Yule mzee akanipa jembe la mkono tukapalilia mchicha mpaka jua likawa kali, kisha tukala ugali wa udaga na sato, nikalala kwenye kochi lake kuanzia saa nane mchana mpaka usiku. Nilipoamka alikuwa amekaa palepale anasikiliza redio kwa sauti ya chini. Akazima, akasema, "Haya, sasa anza na jina la mtu wa kwanza uliyemzika."