Nyasi zinazofaa Februari ziliniulia nyanya Juni

Swali lenu la wiki hii linauliza tunavyokinga bustani za nyumbani dhidi ya jua kali, baridi na mvua kubwa. Mimi nalima nyuma ya nyumba hapa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwetu kinachoogopwa ni baridi. Jua huchosha mboga; sakitu, yaani umande unaoganda kwa baridi, huzimaliza kwa usiku mmoja.

Mwaka wa kwanza nilitandaza nyasi nene kwenye matuta ya nyanya na maharage, nikaziacha hadi Juni. Asubuhi moja nikakuta majani meusi, yamelegea kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Nyanya za jirani, zilizokuwa kwenye udongo mtupu, zilipona. Iliniuma sana. Nilikuja kuelewa kwamba udongo hunywa joto mchana na kulitoa usiku, nao mmea ukapata nafuu. Nyasi zangu zilizuia jua lisiupashe udongo, na hata kile kidogo kilichoingia hakikupata pa kutokea.

Kwa hiyo kuanzia Juni hadi Agosti nyasi nazisogeza kando. Namwagilia asubuhi, maana udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko mkavu. Jioni natazama anga. Likiwa safi, hakuna wingu wala upepo, nafunika kabla jua halijazama, wakati ardhi bado ina joto: viroba vilivyochanwa au mashuka makuukuu juu ya fito, visiguse majani, kingo zifike chini. Sakitu ikishayeyuka nafunua. Sehemu ya bondeni nimeziachia kabichi na sukuma wiki, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito, huteremka kama maji na kutuama huko, nazo huistahimili.

Mvua zikianza nainua matuta na kuzirudisha nyasi. Matone yakipiga udongo mtupu huurusha kwenye majani, na majani yasiyokauka hushikwa na ugonjwa wa bakajani. Nyanya nazifunga kwenye miti, majani ya chini nayakata.

Jua nalihofia kitaluni tu. Najenga kichanja cha nyasi, kisha wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha miche napunguza nyasi kidogo kila siku. Miche inayotolewa kivulini ghafla huungua siku hiyo hiyo.