Gari likikugomea njiani, tazama nyuma kwanza

Gari linapogoma, macho yetu yote hukimbilia kwenye boneti. Mimi nimejifunza kutazama nyuma kwanza. Pancha haijawahi kuniumiza, wala betri iliyokufa. Kilichokaribia kuniua ni lori lililotokea mgongoni kwangu usiku, nimechuchumaa kwenye lami nafungua nati.

Ilikuwa kati ya Ilula na Iringa mjini, saa mbili kasoro robo usiku, tairi la nyuma upande wa kulia. Nilisimama pale pale lilipoishiwa upepo, nusu ya gari ikiwa bado barabarani, kwa sababu niliihurumia rimu. Lori lilipita karibu hadi upepo wake ukanisukuma bega na spana ikaniponyoka. Mama yangu alikuwa ameketi ndani. Tangu siku hiyo siihurumii rimu. Tairi likiishiwa upepo, usikanyage breki kwa nguvu. Shika usukani sawasawa, achia mafuta, washa taa za dharura, kisha jikokote taratibu hadi nje kabisa ya lami, penye udongo mgumu na tambarare. Ikibidi utembelee tairi bovu mita mia tatu, tembelea. Rimu inanunulika.

Halafu hesabu. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Wengi wetu tunakata tawi na kulilaza hatua kumi nyuma ya gari, tunaona tumemaliza. Dereva akilifikia tawi hilo, amebakiwa na chini ya nusu sekunde kabla ya kukugonga. Pembetatu yako nyekundu ipeleke mita 50 au zaidi. Mimi huhesabu hatua 70 ndefu. Kama umekwama baada ya kona au mgongo wa kilima, iweke kabla ya kona, ili mtu aione akiwa bado na nafasi ya kupunguza mwendo. Unapoipeleka tembea pembeni, macho kwa magari yanayokuja, umeishika mbele ya kifua.

Abiria wote washuke kwa mlango wa kushoto na kukaa mbali, ng'ambo ya mtaro. Nimeona familia nzima imeketi nyuma ya gari bovu kufuata kivuli. Tafadhali, watoto wako wasikae hapo hata dakika moja. Ndani ya Mikumi mambo yanageuka: barabara inakatisha hifadhini kwa takriban kilomita 50, na simba na tembo wanaivuka. Pale abiria wabaki ndani, vioo juu, mpige simu 112 au msubiri gari lingine lisimame nanyi.

Jambo la pili ni rejeta, na hili linanigusa. Tulikuwa tunapanda mlima wa Kitonga mchana wa Desemba, tumetoka kwenye joto la Ruaha Mbuyuni, buti limejaa magunia ya vitunguu, tunajivuta nyuma ya malori. Mshale wa joto ukapanda, mvuke ukaanza kutoka. Tukaegesha. Shemeji akaviringisha kanga kwenye kifuniko cha rejeta. Dada akamwambia, "Baba Neema, subiri ipoe." Akakizungusha robo tu. Maji yakafyatuka kama bomba lililopasuka, na ngozi ya mkono ikababuka kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko.

Maji ya rejeta yamefungiwa kwenye mgandamizo, kwa hiyo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, mgandamizo unashuka ghafla na yanageuka mvuke usoni pako. Ukiona mshale unapanda, zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho na ushushe vioo. Utatoka jasho, lakini hita inavuta joto kutoka kwenye injini. Ukishapata sehemu pana, zima injini na usubiri nusu saa au zaidi. Kama mpira wa juu wa rejeta bado ni wa moto ukiusogelea, hakujapoa. Na usimimine maji baridi kwenye injini iliyokauka ingali moto: silinda hedi, kile kichwa cha injini, inaweza kupasuka, na gharama yake unaijua.

Mtu akiungua, mmwagilie maji safi ya kawaida dakika 20, umvue pete na saa kabla mkono haujavimba, kisha hospitali. Pale Kitonga mama mmoja mwema alituletea dawa ya meno tumpake. Tuliipaka. Daktari alilazimika kuisugua itoke, na shemeji alilia.

Kubadilisha tairi wengi mnajua, ila mpangilio ndio unaokosewa. Handibreki juu, jiwe kwenye tairi la upande wa pili, legeza nati tairi likiwa bado chini, ndipo upige jeki. Mimi hubeba kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, maana kwenye udongo huzama na kuinama. Tairi la akiba lilaze chini ya ubavu wa gari wakati unafanya kazi; jeki ikiteleza, gari litaangukia tairi, si mguu wako. Nati kaza kwa kukingamisha: ukikaza moja, inayofuata iwe ya mkabala wake. Lile tairi jembamba la akiba lisizidi kilomita 80 kwa saa. Na lipime upepo kabla ya safari, kwa sababu usiku ule wa Ilula langu lilikuwa nalo limelegea.

Betri ikifa na unaazima nguvu ya betri ya gari lingine, kwa kifupi: waya mwekundu chanya kwa chanya, mweusi kwenye hasi ya betri nzima, ncha yake ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Sigara kando.

Usiku ule wa Ilula vijana wawili wa bodaboda walisimama wakatumulikia hadi tukamaliza. Nilipowasha gari, mama akanishika mkono. "Na yale mawe?" Tulikuwa tumepanga mawe matatu makubwa kwenye lami kwa ajili ya onyo, na nilikuwa naondoka nikiyaacha. Nikarudi na tochi ya simu, nikayabeba moja moja hadi mtaroni. La tatu nilipoliinua, taa za basi zilikuwa tayari zinatokea kwenye kona.