Antena ya mkononi kwa setilaiti: ya kuvuta au Yagi?

Swali: Nina leseni ya redio ya ridhaa na redio ya mkononi ya wati 5, bendi mbili. Kwa antena yake fupi ya mpira naisikia SO-50, setilaiti ya redio ya ridhaa inayorusha upya sauti zetu, kwa vipande tu, na nikiita sijibiwi. Ninunue antena ndefu ya kuvuta, au Yagi? – Msomaji, Arusha

Jibu: Chukua Yagi au nyingine yenye mwelekeo, yaani antena ya vijiti unayoielekeza kwenye setilaiti. Ya kuvuta itakusaidia setilaiti ikiwa juu angani, lakini ikishuka karibu na upeo utarudi kulekule kwenye vipande. Wati zako 5 zinatosha kabisa. Shida ni kusikia: SO-50 inatuma kwa robo wati tu, tena kutoka mamia ya kilomita. Kwa hiyo antena ipime kwanza kwa masafa ya megahezi 436, unakosikilizia, si ya 145, unakotumia kuita.

Kati ya antena za kununua, Arrow ina vijiti 3 vya VHF (bendi ya 145) na 7 vya UHF (bendi ya 436), vimepishana kama msalaba. Inasikia vizuri sana, ila kila bendi ina waya wake, na kwa redio moja utahitaji kifaa cha kuunganisha bendi hizo. Elk, antena nyingine ya kununua, ni ya logi (log-periodic, vijiti vya urefu unaopungua), waya mmoja kwa bendi zote mbili. Kwa redio yako moja, mimi ningechukua hiyo. Bajeti ikibana, Yagi ya bomba la plastiki na vipande vya futi ya chuma ya fundi inafanya kazi vizuri kuliko sura yake.

Ukishaipata, usiielekeze tu ukatulia. Setilaiti inajizungusha, na mawimbi yake yanageuka nayo. Sauti ikififia, zungusha mkono taratibu kama unayefungua kitasa. Mara nyingi inarudi palepale. Waya uwe mwembamba na mwepesi, maana ule mnene unaweza kuling'oa tundu dogo la antena (SMA) la redio.

Kuhusu kutojibiwa, angalia toni, mlio wa chini ambao redio huuchanganya na sauti yako, kabla hujailaumu antena. Unatuma kwa megahezi 145.850 ukiwa na toni ya hezi 67; bila hiyo SO-50 haikurushi. Ikiwa imezima, iamshe kwa toni ya 74.4 kwa sekunde mbili hivi, itabaki hewani dakika 10. Upande wa kusikiliza, masafa unayoyasikia hushuka kadiri setilaiti inavyokupita, basi hifadhi chaneli tano: anza 436.805 inapochomoza, kisha shuka kilohezi 5 kila sauti inapokwaruza, hadi 436.785 inapozama. Masafa ya kutuma usiyaguse.