Miaka sita na Legacy GT: stesheni wagoni ya turbo katika nyumba ya watoto watatu

Kila nikiegesha penye watu, iwe kanisani au msibani, hakosi mtu wa kuniuliza gari hili linakula mafuta kiasi gani. Namjibu, kisha namwambia kwamba swali la kwanza ni la oili.

Gari lenyewe ni Subaru Legacy GT ya mwaka 2005, stesheni wagoni, ile ambayo mafundi huiita kwa namba ya bodi, BP5. Injini ni ya lita 2.0 yenye turbo, yaani feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, gia otomatiki, nguvu za farasi 260 kwa hesabu za kiwandani. Ya gia za mkono ina 280, kiwango ambacho zamani watengenezaji wa Japani walikubaliana wasikivuke kwa magari ya soko la kwao. Kizazi hiki kilitoka mwaka 2003 na kikachukua tuzo ya Gari la Mwaka huko Japani. Tunaishi Dar es Salaam, mimi, mke wangu na watoto watatu, na kila Desemba tunapanda Moshi kama Wachagga wenzetu. Safari hiyo ndiyo iliyonifanya nilitafute.

Anayeijua barabara ya Chalinze, Segera, Mombo hadi Same anajua ninachosema. Unakuta malori matatu yamefuatana, mbele kuna kona, nyuma kuna basi linakuwashia taa. Gari letu la kwanza lilikuwa na injini ndogo. Likishapakia watu watano na mizigo, kulipita lori moja ilikuwa ni kutoka, kukanyaga mpaka mwisho na kusubiri. Kuna Desemba moja nilitoka, gari la mbele yetu likatokea mapema kuliko nilivyopima, nikarudi upande wangu tukiwa tumebakiza nafasi ndogo mno. Mke wangu hakusema neno mpaka tulipofika Same. Ule ukimya ulinifuata mwaka mzima, na ndiyo sababu nilianza kutafuta gari la familia lenye nguvu.

Legacy ukilikanyaga likiwa kwenye 80 linashuka gia, linavuta, na umesharudi upande wako wakati gari la zamani lingekuwa bado ubavuni mwa trela. Faida ya nguvu kwangu ni hiyo tu: dakika chache zaidi za usalama katika safari nzima. Muda wa kufika haujapungua. Vibao vya 50 vijijini viko palepale, na tochi hazichagui gari. Anayenunua gari hili ili awahi kufika Moshi namshauri aache.

Nafasi inatosha. Buti ni lita 459, na ukilaza viti vya nyuma linapita lita 1,600. Tunapanda na mchele na mafuta ya kula, tunashuka na mikungu ya ndizi, magimbi na maparachichi. Aliyebahatika vibaya ni mtoto wa katikati, kwa sababu shafti inayopeleka nguvu nyuma imeinua sakafu na miguu yake haina pa kukaa vizuri. Alipokuwa na miaka sita haikuwa shida. Sasa ana kumi na mbili, tunapokezana viti kila tukisimama.

Uvungu ni milimita 150, na likiwa na mzigo wa Desemba linashuka zaidi. Kutoka lami hadi kwa wazee ni kilomita mbili za udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, magari ya jirani yanabaki barabarani, sisi tunapanda kwa sababu magurudumu yote manne yanavuta. Ila tunapanda tukisikia chini kunakwaruza. Watu wengi hulinyanyua kwa spesa, vipande vinavyofungwa juu ya shokapu. Mimi nilianza kwa kubadilisha shokapu zote nne, kwani zilikuwa zimechoka tangu Japani, na gari likasimama vizuri bila kuyumba kwenye kona. Kama njia ya kwenu ni mbaya kuliko yetu, nunua Outback ya kizazi hichohicho. Ni bodi ileile, uvungu milimita 200, na rafiki yangu wa Arusha aliye na ya 2.5 isiyo na turbo hajawahi kulala njiani.

Mimi nimewahi.

Ilikuwa mwaka wa pili, tunarudi Dar. Tulipopita Mombo nikaanza kusikia mlio mwembamba kama king'ora cha mbali, unapanda kila ninapokanyaga. Nilijiambia ni upepo. Niliendesha hivyo karibu kilomita 40, mpaka moshi wa bluu ulipojaa nyuma na gari likakosa nguvu. Tulivutwa mpaka Korogwe, watoto wakalala gesti, na mimi sikulala.

Fundi alinionyesha chanzo, na nataka kila mwenye turbo ya Subaru akijue. Kwenye bomba linalopeleka oili katika turbo kuna bolti yenye tundu, na ndani ya bolti hiyo kuna chujio la waya, dogo kuliko ncha ya kidole. Oili ikizeeka inaacha tope, tope linaziba chujio, na turbo inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika inabaki kavu. Yangu ilikuwa imeziba kabisa. Oili iliyokuwamo ilikuwa imetembea kilomita 9,000, kwa sababu stika niliyobandikiwa gereji ilisema 10,000 nami nikaiamini bila kujiuliza kama iliandikwa kwa ajili ya injini ya turbo.

Tena kuna jambo la pili, na hili ndilo linaloua magari mengi. Turbo ikifa inamwaga vipande vya chuma kwenye oili, na oili ile inakwenda kwenye bearingi za injini. Fundi yule alikataa kufunga turbo nyingine kabla ya kushusha sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, kuosha mabomba na kubadilisha bolti yenye chujio. Nililalamika kuhusu siku mbili alizozitumia. Leo namshukuru, maana nimekutana na watu watatu waliofunga turbo mpya kwenye oili ileile chafu, na wote watatu wakafungua injini ndani ya miezi.

Sasa namwaga oili kila kilomita 5,000, sinthetiki kamili, 5W-40, pamoja na filta. Kila Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi na gari likiwa pasipo mteremko, nafungua boneti na kuchomoa kijiti. Kati ya alama ya chini na ya juu ni takriban lita moja, na injini yenyewe inachukua lita nne na kidogo tu; kwa hiyo ukiwa chini ya alama umeshapoteza sehemu kubwa. Nikitoka safari ndefu naliacha linaunguruma taratibu kama dakika moja kabla ya kuzima. Huwa nina chupa ya lita moja kwenye buti, pembeni ya jeki.

Kuhusu petroli, soma stika iliyo ndani ya kifuniko cha tenki. Imeandikwa kwa Kijapani kwamba linataka petroli ya premiamu isiyo na risasi, na Japani premiamu ina oktani isiyopungua 96. Ukiweka ya chini kompyuta inajitahidi kulinda injini kwa kurudisha nyuma moto wa plagi, ila kwenye mlima, joto na mzigo, ulinzi huo una mwisho. Injini inagonga, na pistoni zinameguka kwenye kingo za ringi. Natafuta kituo chenye daraja la juu, kinachouza sana, na sinunui ya kwenye madumu hata siku moja. Kwa sababu hiyohiyo namwomba yeyote mwenye familia asiongeze nguvu kwa kuchezea kompyuta. Mwenzangu kazini alifanya hivyo. Alifurahi miezi minne, kisha pistoni ya silinda ya nne ikapasuka. Nguvu 260 zinatosha kuwabeba watoto.

Mtoto wa shangazi yangu aliye Nairobi ana ya kizazi kilichotangulia, BH5, yenye turbo mbili. Moja inafanya kazi injini ikiwa chini, ya pili inaingia baadaye, na katikati pale kuna kipindi gari linalegea kabla ya kuvuta tena. Analipenda mno. Lakini mabomba membamba ya hewa yaliyojaa chini ya boneti yamemfanya ajuane na mafundi kuliko ndugu zake. Kama huna fundi anayeijua hasa, anza na BP5, ina turbo moja.

Ukienda kununua, dai mambo matatu. Liwashwe likiwa limelala usiku kucha, usikubali kulikuta limeshapashwa moto. Lipimwe kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda zote nne na ulinganishe namba. Na uone ushahidi wa belti ya taimingi, stika au risiti. Ikikosekana, hesabu kwamba haijabadilishwa. Muda wake ni kilomita 100,000, na ikikatika valvu zinagongana na pistoni. Mimi nilibadilisha ya kwangu wiki lilipotoka bandarini, pamoja na pampu ya maji. Ukiagiza mwenyewe, pitia kwanza kikokotoo cha ushuru cha TRA, mamlaka ya mapato, mtandaoni. Injini ni cc 1,994, ipo chini ya mstari wa 2,000, ila uchakavu wa miaka unatozwa na unauma. Kisha weka fedha nyingine pembeni. Nilianza na milioni tano za matengenezo na mwaka wa kwanza zilikwisha.

Vitu vidogo: redio yake ya FM inaishia 90, utahitaji kifaa cha kuongeza masafa. Vioo vya milango havina fremu, kwa hiyo mpira ukichoka vumbi linaingia ndani. Nausafisha na kuupaka grisi ya silikoni kabla ya kila safari.

Na wale wanaosubiri jibu la mafuta: kwenye foleni za Dar kilomita sita mpaka saba kwa lita, njia ya Moshi kumi nikiendesha kwa utaratibu. Tenki ni lita 64.

Desemba hii tunaondoka saa kumi alfajiri, watoto wakiwa bado na usingizi. Juzi fundi aliniambia matairi ya nyuma yamekwisha kashata, ya mbele bado yana maisha ya miezi kadhaa. Kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote, tairi jipya na la zamani haziendi mzunguko sawa, na tofauti hiyo inakwenda kuitesa gia boksi. Nimeagiza manne, 215/45R17, na yale mawili mazuri nimempa yeye.