Umepoteza beji ya tamasha? Anzia meza ya usajili, kutafuta baadaye

Mkuu, pole. Unasema ndoano ya kamba ilifunguka, ukazunguka ukumbi saa mbili nzima ukiisaka beji, yaani kadi ya kuingilia inayovaliwa shingoni, na ulipofika meza ya usajili ukaambiwa ununue nyingine kwa bei kamili. Unauliza kama wamekuonea. Nimejitolea kwenye meza kama hiyo miaka kadhaa, na yangu pia iliwahi kupotea.

Tatizo ni zile saa mbili. Beji yenye chipu au msimbopau inaweza kuzimwa kwenye mfumo, na aliyeiokota akifika nayo mlangoni inakataa. San Diego Comic-Con, lile tamasha kubwa la katuni la Marekani, walianza kutumia za chipu mwaka 2016, unagusisha ukiingia na ukitoka. Sasa wewe unakuja umechelewa, mimi naangalia kompyuta naona beji yako imeshaingia dakika arobaini zilizopita. Nitajuaje kama aliyeingia ni mwizi au ni binamu yako?

Na mabinamu wapo! Kijana mmoja alinijia karibu analia, nikamwonea huruma nikamchapishia nyingine. Baadaye nikamkuta kwenye foleni ya kuomba sahihi za mastaa na rafiki yake, beji mbili, jina moja. Tangu siku hiyo machozi pekee hayanitoshi, nataka kitambulisho na barua pepe ya malipo.

Kama beji zenu ni karatasi tupu isiyo na namba, hapo hakuna cha kuzima. Ni sawa na kudondosha noti. Waandaaji wengi hawarudishi kitu, na kwa kweli siwalaumu.

Ikiwa unaamini imeibwa, haikudondoka tu, waambie walinzi na uombe taarifa iandikwe. Siwezi kukuahidi kwamba meza italegeza masharti, ila utakuwa na cha kuonyesha. Usiende kununua kwa walanguzi wa nje. Unaweza kuuziwa beji iliyokwisha kuzimwa, pengine hiyo hiyo ya kwako. Na kama uliipiga picha ukaiweka mtandaoni huku msimbopau unaonekana, waambie meza hilo pia, hata kama ni aibu, maana mtu anaweza kuchapisha nakala.

Yangu mimi ilipotelea chooni nikibadilisha vazi la mhusika wa katuni, yale mavazi yasiyo na mfuko hata mmoja. Nikanunua nyingine, roho inaniuma. Siku ya mwisho nikagundua ilikuwa kwenye dawati la vitu vilivyookotwa tangu asubuhi ya kwanza. Niliulizia kwa jina la kwenye kitambulisho, kumbe juu ya beji nilikuwa nimeandikisha jina la utani.

Kwa hiyo kesho, kabla hujatoa hela, pita kwanza kwenye hilo dawati, uwatajie majina yote mawili.