Maswali Yenu: Bunduki ya Kitufe ama Bolti ya Mzee?

Wiki mbili zimepita tangu niguse bunduki za kitufe kwa mstari mmoja tu, nikidhani hakuna mtu atajali, kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja mengi, mengine kwa voisinoti za dakika sita (tafadhali andikeni, mimi huskiza nikiwa ndani ya mat na muziki wa Thika Road hauna huruma), kwa hivyo nimechagua haya na nimeyafupisha.

Kevo, Umoja: Buda, hii bunduki ya kitufe ni nini haswa? Si ni semi-otomatiki tu imebadilishwa jina?

Nusu umepata Kevo. Semi ya kawaida ukifyatua, gesi ya baruti inasukuma bolti (kile chuma kinachofunga chemba, pale risasi inakaa) nyuma, ganda linaruka nje, halafu springi inarudisha bolti mbele ikibeba risasi ingine hadi kwa chemba, na wewe hujafanya kitu, kazi yako ni kufinya triga tena. Ya kitufe inaenda hivyo hivyo mpaka katikati. Gesi inarudisha bolti, ganda linatoka, alafu bolti inanaswa huko nyuma inakaa hapo, chemba iko wazi, na itakaa hivyo hata ukienda kunywa chai urudi. Mpaka ufinye kitufe ama kijiti kilicho karibu na kidole gumba, hapo ndio springi inaachiliwa na risasi inaingia. Kwa hivyo kutoa ganda ni kazi ya gesi, kuingiza risasi ni uamuzi wako.

Kuna binamu yake ambayo Waingereza waliita MARS, hiyo haina kitufe cha pembeni, triga ndio inafanya kazi zote: finya ya kwanza inapiga, finya ya pili inaachilia bolti, ya tatu inapiga tena. Hiyo mimi siipendi hata kidogo. Miaka yote tunafundishana kidole kikae mbali na triga mpaka ukiwa umelenga na umeamua, leo unaniletea triga ambayo saa hii ni triga na saa ile ni kitasa cha mlango? Hapana. Ya kitufe angalau kila kidole kina kazi yake.

Achieng, Donholm: Nani alikaa chini akawaza kitu kama hiyo? Mbona usitengeneze semi uishe nayo?

Swali zuri kuliko yote dada, na jibu lake ndio linafungua hii stori yote. Hii bunduki haikuzaliwa porini wala vitani, ilizaliwa kwa kurasa za sheria.

Huko Uingereza, tarehe 19 Agosti 1987, mtu mmoja alishika bunduki kwa mji unaitwa Hungerford akaua watu 16. Mwaka uliofuata Bunge likapiga marufuku raifo zote za semi isipokuwa zile za risasi ndogo ya .22. Sasa wale wa michezo ya shabaha wakabaki na AR (raifo za mtindo wa ile M16 ya jeshi) ambazo mfumo wa gesi umeondolewa kabisa, kila ukipiga lazima uvute mkono wa pembeni nyuma, uachilie, ulenge tena. Inafanya kazi, lakini ganda likipata joto linagandia kwa chemba, na kwa kuwa bolti ya AR ikivutwa na mkono haina ile nguvu ya kuzungusha ya kulegeza ganda, unajikuta umekaa kwa renji ukivutana na chuma kama mtu anavuta mbuzi hataki kuingia kwa probox.

Ndio fundi wakaanza kusoma sheria vizuri. Sheria inakataa bunduki inayojijaza yenyewe, sivyo? Haya, hii haitajijaza, itatoa ganda tu kisha ingoje kitufe. Southern Gun Company, karakana ya Bodmin huko Cornwall, ndio walijulikana sana na hizi. Na kwa miaka kadhaa zikauzwa kihalali kwa cheti kile kile cha bunduki ya bolti, ile unakoki mwenyewe kwa mkono.

Serikali ikaja kuona kwamba mtu akizoea kidole gumba kasi yake inakaribia ya semi, na ikaja na Offensive Weapons Act ya 2019, ilipitishwa rasmi 16 Mei mwaka huo. Angalia vile waliiandika: imekatazwa raifo yoyote ambayo maganda yake yanatolewa kwa nguvu ya gesi ya baruti, ama kwa nguvu ya springi iliyojazwa na hiyo gesi, isipokuwa ya .22. Hako kasehemu ka springi kananifurahisha, aliyeandika alishajua fundi atajaribu mlango gani kesho yake. Wenye bunduki wakapewa kati ya Desemba 2020 na Machi 2021 wazirudishe walipwe fidia. Mswada huo huo mwanzoni ulitaka pia kuondoa zile za nguvu kubwa kama .50, hiyo sehemu ikatolewa njiani, za kitufe hazikupata bahati hiyo.

Ufaransa nako ni stori ingine. Verney-Carron, kampuni ya Saint-Étienne iliyoanza 1820, walitoa yao wakaiita Speedline, na wao walikuwa wanawaza wawindaji wa nguruwe mwitu, ile ya wanyama kufukuzwa msituni wanapita mbele yako mbio na una sekunde chache tu.

Mzee wa Nanyuki: Kijana, mimi nimepiga .303 tangu nikiwa na nywele nyeusi. Hiyo ya kitufe inanishinda kwa kasi?

Mzee wangu, heshima yako. Kwa kasi tupu ndiyo, inakushinda, na sitakudanganya. Mkono wa kulia hautoki kwa kishikio, shavu halitoki kwa kitako, jicho linabaki kwa darubini, ni kidole gumba tu kimesogea. Ya bolti lazima mkono uende, uinue, uvute, usukume, ushushe, urudi.

Lakini hiyo .303 yako, Lee-Enfield ya Waingereza, si bolti ya kawaida mzee, wewe unajua. Mkono wa bolti umekaa pale pale juu ya triga, unainuka kidogo tu, kama nyuzi 60, wakati Mauser ya Wajerumani inataka 90, na inajikoki ukisukuma mbele si ukiinua, kwa hivyo kuifungua ni laini kabisa. Magazini ni ya risasi kumi. Kabla ya vita vya 1914 askari wa Uingereza alitarajiwa kupiga risasi 15 za kulenga kwa dakika moja, yadi 300, na hiyo ilikuwa ya askari wa kawaida si bingwa. Risasi 15 kwa dakika ni moja kila sekunde nne.

Sasa jiulize, kwa mita 300 sekunde nne zinaenda wapi? Si kwa bolti. Zinaenda kwa bunduki kutulia baada ya teke, kwa pumzi, kwa kutafuta tena ile shabaha. Mimi nimekaa nyuma ya walengaji wengi na saa mkononi na naweza kukwambia mtu anayejua bolti yake hupoteza muda mwingi akilenga kuliko akikoki. Kitufe kinasaidia pale shabaha iko karibu na ziko nyingi. Ikiwa mbali, ama ikiwa moja, hiyo faida inayeyuka.

Kuna kitu kingine watu hawakisemi. Bolti ya mkono unaweza kuifunga polepole, kimya, unasikia kwa vidole risasi ikiingia sawa ama ikikataa. Ya kitufe ukifinya ni *chwaa!*, springi imepiga, na ukijaribu kuizuia ishuke pole inaweza isifunge vizuri.

Mama Shiru, Lang'ata: Nilifanyiwa operesheni ya bega la kulia, daktari ameniruhusu kurudi renji lakini kukoki bolti naumia. Hiyo ya kitufe si ingenifaa?

Pole sana mama, na ndiyo, wewe ndiye mtu ambaye hii bunduki ilikuwa na maana kwake. Huko Uingereza wakati marufuku inajadiliwa hii ilikuwa moja ya hoja kubwa za walengaji: kwamba wenye ulemavu, wenye yabisi ya vidole, wazee, wangeweza kuendelea na mchezo kwa sababu hakuna kuvuta. Hata mtu wa mkono mmoja wenye nguvu anaimudu. Kwangu hiyo hoja ilikuwa na uzito kuliko zile zingine zote za kasi, na sioni kama ilijibiwa vizuri.

Ubaya ni kwamba pistoni na springi na vikorokoro vingine vinaongeza uzito, na bega lako halitashukuru kwa hilo. Mimi ningekuambia anza na .22. Teke hakuna, na kuna zile za kuvutwa moja kwa moja kama Fortner wanayotumia watu wa biathlon, wale wanateleza na skii kwa theluji kisha wanasimama kupiga shabaha tano. Pale kidole cha shahada kinavuta bolti nyuma na gumba kinairudisha mbele, bega halisogei. Ukitazama wakishindana utashangaa, tano zinaisha kabla hujamaliza kusema jina lako, na mchezo wao hauruhusu semi. Kila kitu ni vidole. Jaribu kwanza ukiwa umelalia mkeka kabla hujafikiria kitu kizito.

Ole, Kajiado: Huku kwetu ni vumbi. Ipi haitaniangusha?

Bolti, Ole, na ikiwezekana Mauser 98 ama mtoto wake yeyote. Ile kucha yake kubwa inashika kitako cha risasi mara tu inapotoka kwa magazini na haiachilii mpaka ganda litupwe nje, hata ukiishika bunduki kichwa chini. Na ukiinua mkono wa bolti, ile kuzunguka inalegeza ganda kwanza kabla ya kulivuta. Ndio maana zile .416 Rigby za 1911, za wanyama wakubwa, zilizobebwa na wawindaji wa Afrika Mashariki zilijengwa juu ya Mauser.

Ya kitufe inapumua moshi wake mwenyewe, masizi yanarudi ndani, ongeza vumbi la Kajiado na mafuta, umepata uji. Pia inachagua chakula: risasi ikiwa dhaifu bolti haifiki nyuma kunaswa, na hapo umekwama. Bolti ya mkono haijali, inakula chochote kinachoingia chemba.

Kama unadhani napendelea za kizee tu, kuna Ross ya Kanada. Ilikuwa ya kuvuta moja kwa moja, nyororo, ya kasi, na kwa renji ililenga vizuri sana. Wakanada wakaingia nayo kwa matope ya Ypres, Ubelgiji, 1915, ikaanza kukwama, askari wanapiga bolti na buti ifunguke, wengine wakaitupa wakaokota Lee-Enfield za wenzao waliokufa. 1916 ikaondolewa mbele ya vita. Shida haikuwa kuvuta moja kwa moja, maana Waswisi wamefanya hivyo tangu 1889 na K31 yao ya 1931 bado inapigwa mashindanoni mpaka leo. Shida ilikuwa kuamini kwamba renji safi ni sawa na matope.

Dennis, Rongai: Naweza kuagiza moja ije Kenya? Na niende nayo kuwinda?

Kuwinda sahau bro, uwindaji wa michezo ulifungwa hapa 1977 na haujafunguliwa. Kuagiza, usitume hata shilingi kwa mtu kabla hujakaa na Firearms Licensing Board, bodi ya leseni za bunduki, kwa sababu tangu ule uhakiki wa wenye leseni ulioanza Desemba 2018 hakuna mtu wa kukuonea huruma ukisema hukujua. Bunduki ambayo hata Waingereza walioitengeneza wameikataa, jiandae kuulizwa maswali mengi zaidi ya yangu. Ukitaka mchezo wenyewe, nenda renji ya Kirigiti, Kiambu, siku moja uone wenye leseni wakipiga, uulize, ujifunze.

Na ile picha ulinitumia ukitaka bei, Dennis, ikuze uangalie mdomo wa mtutu. Hiyo rangi ya chungwa ni alama ya bunduki ya kuchezea.