Wosia wa kijana asiye na nyumba

Mtajie wosia kijana wa Tanga, atakujibu moja kati ya mawili. Ama atacheka, "Mimi nina nini cha kurithiwa, baiskeli?" Ama atakunja uso akwambie usimchurie. Hilo la uchuro sina dawa yake, kila mtu ana bibi yake aliyemlea. La kwanza ndilo ninaloweza kulisemea, kwa sababu ya mahali ninapokaa kila siku.

Nina steshenari ndogo hapa mjini, si mbali na mahakama. Natoa kopi, nachapa, napiga picha za pasipoti. Wateja wangu wengi ni watu wa mirathi. Wanakuja kuchapa muhtasari wa kikao cha ukoo, kutoa kopi za cheti cha kifo, kuulizia fomu ya kuomba usimamizi. Mimi si wakili na sijifanyi wakili. Lakini mchapaji husikia mengi, maana ugomvi ambao haukwisha nyumbani huja kuendelea mbele ya kompyuta yangu. "Andika na shamba la Pongwe." "Usiandike, lile si lake." "Wewe dada andika tu, tutajua mbele kwa mbele."

Marehemu wengi wa mihtasari hiyo ni wazee, na yao huandikika upesi. Nyumba ya mzee pale Ngamiani mtaa mzima unaijua, minazi yake ya Mwambani wajukuu wameikwea tangu wadogo. Inayosumbua ni mihtasari ya vijana. Mali ya kijana haina mtu anayeijua yote. Nusu iko kwenye simu, robo iko kwa rafiki, na iliyobaki ni maneno aliyoahidiana na mtu barazani.

Nina mfano wa nyumbani. Mtoto wa mama mdogo, ambaye kwetu pwani ni kaka tu, alifariki kwa ajali ya barabarani hajafika hata miaka 30. Ameacha mke na mtoto mmoja. Siku ya mazishi kila mtu alisema hakuwa na kitu, masikini, kijana wa watu alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Hitima ilipofika tukaanza kuhesabu.

Kwanza pikipiki. Alikuwa anaendesha kwa mkataba, kila jioni anampelekea bosi hesabu, na kwa maneno yake mwenyewe ilibaki miezi michache iwe yake. Mkataba ulikuwa wa mdomo. Bosi alikuja kwa adabu kabisa, akatoa rambirambi, akaondoka na chombo. Kadi ilikuwa na jina la bosi, ungemwambia nini? Kisha kikoba, ambako alikuwa na akiba na pia mkopo, na kipi kikubwa kuliko mwenzake ilitegemea unamuuliza nani. Kisha fungu lake kwenye mashua ya uvuvi, alilochangia na wenzake wawili bila karatasi. Wale wenzake walikuwa waungwana, walikuja wenyewe wakasema. Wangeweza kunyamaza.

La kiwanja ndilo lililotuvunja. Kulikuwa na kiwanja Mabokweni, karatasi ya mauziano imegongwa muhuri wa serikali ya mtaa, jina la mnunuzi ni lake. Lakini hela ilitoka kwa dada yake anayefanya kazi za ndani Maskati. Kwa kuwa dada hakuwepo siku ya kuuziana, kaka aliandikisha jina lake mwenyewe, watabadilisha dada akirudi likizo. Wifi yetu hakuwa na habari hiyo. Yeye aliona karatasi ina jina la mumewe, na ana yatima mkononi. Dada naye alikuwa na meseji za kutuma pesa, ambazo zinaonyesha pesa zimetumwa lakini hazisemi za nini. Wazee wamekaa vikao hadi wakachoka. Mwisho kiwanja kilirudi kwa dada, akamwachia mtoto sehemu ya fedha, lakini mawifi hao hadi leo wakikutana sokoni Mgandini kila mmoja anageukia mchicha wake.

Hapo wosia usingehitaji kugawa chochote. Mstari mmoja tu ungetosha: kiwanja cha Mabokweni ni cha dada yangu, mimi nimekishika. Kwa kijana, kazi kubwa ya wosia ni hiyo: kusema kilicho chako, kilicho cha watu mikononi mwako, na kilicho chako mikononi mwa watu. Kugawa kuje baadaye. Na vijana ndio wanaoshika vya watu kuliko mtu yeyote. Wao ndio wanaotumiwa hela za ujenzi na waliopo Arabuni, ndio waweka hazina wa michezo ya kupeana, ndio laini zao zinapokea michango ya harusi.

Nikiwaambia haya wenzangu Waislamu, nao ndio wengi hapa mjini, wananijibu: "Mirathi Mungu kishaigawa, niandike nini tena?" Kweli, mafungu yapo. Mke akiwa na watoto wa marehemu anapata thumni, yaani moja ya nane, hakuna wa kuyapindua hayo kwa kalamu. Lakini aya hiyo hiyo ya mafungu inasema ni baada ya kutekeleza wosia na kulipa deni. Mazishi kwanza, deni, kisha wosia, ndipo warithi wakae. Sasa deni ambalo hukulisema litalipwaje? Na ndugu yangu uliyeoa, mahari uliyobakiza ni deni. Hiyo mkeo anaichukua kabla ya mrithi yeyote, yeye mwenyewe akiwemo kama mrithi. Nimeona wanawake wanaona haya kuidai mbele ya wakwe. Iandike wewe uliye hai, umwondolee hiyo haya.

Halafu ipo theluthi. Sheria ya Kiislamu inakuruhusu kuusia hadi theluthi moja ya mali, na si kwa mrithi, ila warithi wenzake wakiridhia. Watu husoma hapo kama katazo, mimi naona ni mlango. Fikiria nani katika nyumba zetu anakutegemea na hayumo kwenye mafungu. Watoto wa kaka yako aliyetangulia, unaowasomesha wewe, hawapati kitu ikiwa una mtoto wa kiume. Mtoto uliyemlea tangu mchanga ila hukumzaa. Mtoto wako wa nje ya ndoa, ambaye kwa fikihi ya Kishafii inayofuatwa pwani hawezi kukurithi wewe baba. Mama yako aliye Mkristo, na wewe ulisilimu. Tanga hii ya kuchanganyika, walio hivyo si wachache. Hao wote hawana njia ya kupata haki kwako ila kwa hiba, yaani zawadi unayompa ukiwa hai, au theluthi ukifa. Mimi nimemwandikia theluthi mtoto wa marehemu shoga yangu ninayeishi naye. Wadogo zangu wanajua, walinuna kidogo, ikaisha.

Wengine sheria yao ni nyingine. Tanzania Bara mirathi inakwenda kwa njia tatu: ya Kiislamu, ya kimila, na ile Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado inatumika, iliyotungwa kabla Mjerumani hajaanza kujenga reli ya Tanga. Mahakama huangalia dini ya marehemu na jinsi alivyoishi ili kujua ipi itumike. Hapo napo kuna kazi ya wosia, kwani ukisema wazi unataka mirathi yako iendeshwe kwa utaratibu upi, unawapunguzia watu kubishana juu ya maisha yako. Kwa Wadigo wa zamani mali ilifuata upande wa mama, mpwa ndiye alimrithi mjomba. Uislamu ulileta mafungu yake, na hadi sasa utakuta familia inayogawa nyumba kwa njia moja na minazi ya bibi kwa njia nyingine. Tena pwani mnazi waweza kuwa wa mtu na ardhi ikawa ya mwingine. Kama una minazi, au michungwa huko Muheza, andika ni miti tu au na shamba lake.

Mwenye mtoto mdogo ataje mlezi. Hasa kina mama tunaolea peke yetu. Mahakama itaangalia maslahi ya mtoto, haitafuata karatasi yako kwa upofu, lakini angalau kikao hakitaanza kwa mashangazi kugombania mtoto kama kiti cha mbele cha daladala.

Namna ya kuandika haina uchawi. Uwe umetimiza miaka 18, uwe na akili timamu, hujalazimishwa. Jina lako kamili, tarehe, unapokaa. Mali na mahali karatasi zake zilipo. Madeni, unayodai na unayodaiwa, na majina ya watu. Msimamizi unayemtaka, na umwulize kwanza, maana usimamizi ni mzigo: ni yeye atakayehangaika mahakamani na kutoa hesabu. Andika kwa wino, si penseli, au chapa, kisha weka sahihi kila ukurasa. Mashahidi wawe watu wazima wanaokuona ukitia sahihi nao wakitia zao. Kanuni za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zinataka mwenye kujua kusoma na kuandika awe na mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki; asiyejua, wanne. Shahidi asiwe mtu uliyemwachia kitu. Kwa ile sheria ya 1865 zawadi ya shahidi inaanguka, na hata penye ruhusa ni kujitafutia maneno. Sauti ya WhatsApp uliyomtumia dada yako usiku wa manane usiitegemee.

Namba za siri usiandike. Nimeona mtu kamwachia mwenziwe namba ya siri, hela zikatolewa wiki ile ile ya msiba kwa ajili ya maji na mahema, matumizi ya kweli kabisa, na bado yule mtu anaitwa mwizi. Taja tu laini zako, benki yako na kikoba chako. Msimamizi akishapata barua ya mahakama atakwenda kudai kihalali. Na jina la mtu wa karibu ulilojaza benki halimfanyi awe mwenye fedha. Hilo wengi hawalijui, huja kwangu na kadi ya benki wakidhani shughuli imekwisha.

Pa kuweka: wakili, au RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanaoandika na kuhifadhi wosia kwa ada. Wapo wanaoweka msikitini au kanisani. Popote, mtu mmoja au wawili wajue ulipo, hata kama hawajui kilichomo. Na tafadhali, mkija kuchapa kwa watu kama mimi, simameni hapo mpaka faili lifutwe. Watu wanaondoka na karatasi na kuacha wosia wao kwenye kompyuta, katikati ya tangazo la chumba cha kupanga na barua ya kuomba kazi.

Kisha ni kuubadilisha mambo yakibadilika: umeoa, umeachana, umepata mtoto, umeuza kiwanja. Anayefuata ile sheria ya 1865 aangalie zaidi, maana kwa sheria hiyo ndoa hufuta wosia ulioandikwa kabla yake. Wosia mpya useme wazi kwamba umefuta wa zamani, na wa zamani uchanwe. Wangu niliubadilisha baada ya kununua mashine ya fotokopi, kwa sababu nusu ya hela yake nilikopa kwa mjomba, na mjomba hana karatasi yoyote inayosema hivyo zaidi ya huo wosia.